Zima Sauti, Mtazame Mtu

Kihindi sikijui, lakini ile picha ya Kihindi, Sholay, naijua kipande kwa kipande. Naiangalia tangu enzi za deki na kaseti, sebuleni kwa nyanya, Kibokoni hapa Mombasa, watoto tumejipanga mkekani na sahani ya viazi karai katikati. Maandishi ya chini hayakuwako, wala wa kutufasiria hakuwako. Ilibidi tutazame nyuso na mikono mpaka hadithi itujie yenyewe. Ndiyo maana mtu akiniuliza afanyeje ili picha imkae moyoni, humwambia hivi: chagua kipande kimoja, zima sauti, ondoa maandishi, kitazame mara mbili. Kisha ndipo urudishe sauti.

Nyanya ndiye aliyenifunza, bila kukusudia. Picha ile ilitoka mwaka 1975, na ndani yake mna Thakur, mtu mzima aliyekuwa polisi. Amewakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamatie jambazi Gabbar Singh. Thakur habanduki na shali lake mabegani. Sisi watoto macho yetu yalikuwa kwa mastelingi, farasi na bunduki. Nyanya akauliza, "Mbona huyu bwana shali halivui, na jua lote lile?"

Hakuna aliyemjibu. Ikafika siku ya Holi, sikukuu ya Wahindi ya kupakana rangi, majambazi wakavamia kijiji. Jai na Veeru wamebanwa, bunduki iko chini miguuni pa Thakur, wao wamtazama awarushie. Hainami. Amesimama tu. Tulimpigia kelele pale sebuleni, tukamwita mwoga. Baadaye ndipo anapowaeleza yaliyomfika, upepo ukavuma, shali likaanguka, na mikono hana. Gabbar aliikata. Nakumbuka nyanya alivyolivuta leso lake akajifunika kifuani, na sisi tuliokuwa tukipiga kelele tumenyamaza kimya.

Sanjeev Kumar, aliyecheza kama Thakur, kazi yote ile aliifanya kwa macho na shingo. Mimi namweka juu ya wote katika picha ile, hata juu ya Amitabh Bachchan, aliyecheza kama Jai, na najua hapa Mombasa wako watakaonikatalia katakata. Wanaonikatalia nawaomba jambo moja: irudieni picha tangu mwanzo mkiwa mwaijua siri ya shali, mumtazame yeye peke yake. Picha ni ya zaidi ya saa tatu, lakini utaona ni nyingine kabisa.

Amitabh nami nampenda, tena kwa jambo dogo: sarafu. Jai hana maneno mengi. Kila penye shauri gumu huirusha sarafu juu, huidaka, huitazama, kisha husema imeangukia wapi. Veeru humwamini. Hata darajani, Jai akiwa na jeraha, sarafu ndiyo iliyoamua nani abaki kupambana na nani aondoke. Jai anapokufa mikononi mwa rafiki yake, Veeru anaigeuza ile sarafu na kuikuta pande zote mbili ni sawa. Kumbe kila mara Jai alikuwa ameshaamua. Tulikua tukiambiwa stelingi hafi, na yule alikufa kwa kupenda kwake. Nililia siku ile, na hadi leo kile kidole gumba kikirusha sarafu mapema kwenye picha, koo hunikaba.

Kuhusu Gabbar sitasema mengi, amesifiwa sana na anastahili. Msikilize tu anavyoingia: kabla uso wake haujaonekana vizuri, wasikia viatu juu ya mwamba na mshipi ukiburutwa. Hapo sauti usizime.

Na wala si picha za zamani pekee. Supa Modo ya hapa kwetu Kenya, ya mwaka 2018, aliyoiongoza Likarion Wainaina, ni ya mtoto Jo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Dadake na kijiji kizima wanamfanyia njama ili aamini ana nguvu. Wengi humtazama Jo. Wewe mtazame mamake, anayetaka mtoto atulie nyumbani apumzike. Uso wa yule mama nimeuona mara nyingi kwenye foleni za hospitali, na sikuwahi kuuona kwenye sinema kabla ya hapo.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kimo Sholay vilevile. Imamu wa kijiji ni kipofu. Mwanawe Ahmed ameuawa na majambazi, na maiti imeletwa na farasi. Kijiji kizima kimekusanyika, hakuna anayethubutu kufungua kinywa. Mzee anatoka na fimbo yake, anauliza, "Mbona kimya hivi, jamaa?" Anatembea kati ya watu, fimbo mbele, mpaka mikono yake inaufikia mwili.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka 14. Yeye picha huangalia kwenye simu, akirukisha mbele penye polepole. Nilimwomba simu aiweke chini kwa kipande hicho tu. Kilipokwisha akaniambia, "Shangazi, rudisha pale anapoanza kutembea." Nikarudisha. Akaomba tena. Kisha akaniuliza mzee alijua saa ngapi kwamba ni mwanawe. Nikamjibu alijua alipomgusa, ndivyo nilivyoamini miaka yote. Akakataa. Alijua, akasema, pale alipouliza na hakuna mtu aliyemjibu. Ile hatua ya kwanza tayari ni ya mtu anayejua.

Tulibishana mpaka adhana ya isha. Nimekitazama peke yangu mara mbili tangu siku hiyo, bila sauti, nikiifuata ile fimbo. Naona mpwa wangu ndiye aliyesema kweli.