Kwa mama aliyeuliza michezo ya muziki kwa mtoto wa miezi 5

Dada, umeuliza utamchezesha nini mtoto ndani, maana kwa baridi hii ya Julai hapa Mbeya kutoka naye nje ni shida. Vifaa unavyo jikoni. Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyokauka, tia maharage kiganja kimoja, funga kizibo na ukizungushie selotepu mpaka kisifunguke. Punje moja tu yaweza kumkaba. Hilo ndilo kayamba lake. Litikise kulia, nyamaza, subiri ageuze kichwa, kisha hamia kushoto. Huko kunyamaza usikuruke, ndiko kwenye utamu: wangu alikuwa anatoa vidole mdomoni, macho kodo, anasubiri.

Ila ngoma kuu ni sauti yako. Ameizoea tangu tumboni, kwa hiyo usione aibu. Mpakate, imba jina lake polepole huku ukimpigapiga mgongoni kwa mapigo yaleyale. Akisema "aaa", mrudishie "aaa". Kama bibi yupo, mwombe amwimbie kwa Kisafwa au Kinyakyusa. Kupiga sufuria kwa mwiko, subiri kwanza mpaka aweze kukaa. Akigeuza uso, ametosheka, mpumzishe.