Kabla Hujalipia Shamba la Mikorosho, Kaa na Mama wa Nyumba Ile

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu, kijana aliyeajiriwa juzi juzi, alinionyesha karatasi. Anataka kununua shamba la mikorosho upande wa Nanyamba, huku mkoani Mtwara, na ameahidi kupeleka malipo ya awali Ijumaa. Karatasi ina jina la muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimsihi asipeleke hata shilingi. Karatasi kama ile ninayo kabatini, na ilinigharimu msimu mzima wa korosho na sehemu kubwa ya akiba yangu.

Nilinunua mwaka 2019. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, na nilikuwa na miaka mitatu tu tangu nihamishiwe Mtwara. Shamba lilikuwa ekari nne, lenye mikorosho sitini na kitu inayozaa. Muuzaji alikuwa mzee mpole sana. Tulipozunguka mipaka alinionyesha miti aliyoipanda mwaka aliooa na ile aliyoipanda alipozaliwa mwanawe wa pili. Jirani wa upande wa mashariki akatuonyesha minyaa iliyoko mpakani, hakuna aliyebisha. Tukarudi barazani, nikahesabu milioni 3 na laki 2, tukatia saini kwenye karatasi ya daftari.

Mkewe alikuwepo. Alikuwa ameketi mkekani anamenya mihogo, hatua tano kutoka tulipokaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikanywa, nikashukuru. Sikumuuliza neno lolote kuhusu shamba, wala hakuna mwingine aliyemuuliza.

Misimu mitatu nilivuna kwa amani. Juni 2022 nikaenda na mifuko yangu ya salfa, ule unga wa njano unaopulizwa mikoroshoni kuikinga na ugonjwa, nikakuta majani yameshakuwa ya njano. Kijana mmoja alikuwa na bomba mgongoni anapuliza mti wa mwisho. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akazima mashine, akaniambia kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mimi nimeikodi hii mikorosho kwa mama mwenye shamba. Misimu miwili, nimeshalipa."

Mama mwenye shamba alikuwa yule aliyeniletea maji.

Mtu wa kusini akisoma hapa ameshaelewa. Sisi tuliotoka kwingine ndio tunaohitaji kuelezwa. Wamakonde, kama walivyo Wamwera, Wamakua na Wayao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya wazee mwanamume akioa alihamia kwa wakwe. Ndivyo alivyofika yule mzee. Ardhi ilikuwa ya mkewe, aliyoachiwa na mama yake. Mzee alipewa mahali pa kulima, akapanda mikorosho. Kwa hiyo aliponiambia "hii ni mikorosho yangu" hakusema uongo, maana pale kijijini mti huweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mwingine, na mikorosho hukodishwa au kuwekwa rehani bila ardhi kuguswa. Mimi nilisikia "mikorosho yangu", nikaelewa "shamba langu". Pengo kati ya maneno hayo mawili ndilo lililonitafuna.

Nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria mjini nikiwa na hasira, nikidhani nimeibiwa na nitashinda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: mke aliridhia? La pili: muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uko wapi? Yote mawili sikuwa na jibu.

Nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu humo ndimo watu wengi wanapoangukia. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema hata kama ardhi imeandikwa jina la mwanandoa mmoja, mwenzake akichangia kwa jasho lake kuiendeleza, naye anapata haki ndani yake. Kisha kifungu hicho hicho kinamgeukia mnunuzi: ni wajibu wako wewe unayenunua kuulizia kama mume au mke wa muuzaji ameridhia. Hebu soma tena sentensi hiyo. Ulinzi wa yule mama ulikuwa umewekwa mikononi mwangu, nami nilikunywa maji yake nikanyamaza. Kwa nyumba ya kuishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, nayo inakataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na hayo ni pale ardhi inapokuwa ya mume. Hapa ilikuwa ya mke mwenyewe, na sheria inatamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Swali la pili linahusu ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila, hadhi sawa na ile ya kupewa hati mjini. Lakini ukitaka kuihamisha, hasa kwa mtu asiye mkazi wa kijiji, lazima halmashauri ya kijiji iidhinishe. Halmashauri ya kijiji ni kikao cha wajumbe 15 hadi 25, chenye mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, chenye akidi na muhtasari. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake, hata awe mwaminifu kiasi gani, si halmashauri ya kijiji. Muhuri wake ulinipa usingizi mzuri kwa miaka mitatu, basi. Mahakama zetu zimeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu.

Tukaenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wako wanaolalamika kwamba limenyang'anywa meno. Mimi nashukuru. Tulikaa mara tatu, na mara ya tatu alikuja kaka yake yule mama, ambaye kwa mila ndiye mjomba mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo. Mzee alikiri mbele ya wote kwamba hakumshirikisha mkewe na kwamba fedha zilishaisha. Ilikuwa vigumu kumtazama. Mama hakutaka kunifukuza. Alisema nimevuna misimu mitatu na yeye hakupata kitu, hivyo ekari mbili na nusu zirudi, na moja na nusu ataniuzia yeye mwenyewe kwa zile fedha zilizokwisha liwa. Nilikubali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kijana wangu wa Nanyamba nilimwambia hivi. Nenda bila fedha, tena zaidi ya mara moja. Uliza ardhi ilifikaje kwa muuzaji: alinunua, alirithi, au aliikuta kwa wakwe? Kama ni urithi, taka kumwona msimamizi wa mirathi na barua yake ya mahakama, maana mtoto mmoja hawezi kuuza cha wote. Uliza miti ni ya nani, na kama kuna aliyeikodi au kuishika rehani msimu huu. Pita kipindi cha salfa uone ni nani anayepuliza. Kaa na mke, na mjomba, na majirani wote wa mipaka, si wa mashariki tu. Kisha kijiji kiite kikao, upate nakala ya muhtasari, na malipo yapite benki. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu bila huo mahakama haitaupokea kama ushahidi.

Kama unanunua pembezoni mwa mji, ambako vijiji vimekuwa mitaa, habari ni nyingine kabisa. Huko anza manispaa, idara ya ardhi, uulize kama eneo limepimwa na limepangwa kwa matumizi gani.

Mkataba wetu mpya tuliuandika ofisi ya kijiji, Novemba ile, magunia ya korosho yakiwa yamepangwa nje yakisubiri kwenda ghalani. Mtendaji aliusoma wote kwa sauti. Mama akaomba usomwe tena, safari hii kwa Kimakonde, na mjomba akamfasiria sentensi moja moja. Walipofika kwenye mipaka aliwasimamisha, akasahihisha jina la jirani wa kusini lililoandikwa vibaya. Ndipo akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka juu ya jina lake, akalishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.