Mvua kubwa kwenye vilima vya Bukavu: utoke lini, upite wapi, umwite nani

Msimu wa mvua Bukavu, mashariki mwa Kongo, unaanza Septemba na kufika hadi Mei, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mteremko. Kwa anayekaa Kadutu, Panzi au pembeni ya mto Kawa, maji yanayoingia mlangoni si hatari kubwa kuliko udongo ulio nyuma ya nyumba. Udongo huo mara nyingi haushuki kwa mvua ya jioni moja. Umekunywa maji siku nyingi, umekuwa mzito, na mvua ya mwisho inaukuta tayari umeshiba. Ndiyo maana mvua ya kawaida baada ya wiki nzima ya mvua iogopwe kuliko ile kali ya kwanza ya msimu.

Mara nyingi kilima hutoa alama kabla ya kushuka, na zitafutwe mchana. Ufa mpya wa upinde juu ya parseli (kiwanja chako) ndio mbaya kuliko zote: hapo kipande kizima kimeanza kujitenga. Angalia pia mlango uliofunguka vizuri jana na leo unakwama, nguzo au mparachichi ulioanza kulala, ukuta wa mawe uliotoa tumbo, maji yanayochipuka mahali palipokuwa pakavu. Kijito kikipungua ghafla na mvua bado inanyesha, ondokeni kando yake mara moja. Kimezibwa na udongo huko juu, na kikizibuka kitakuja na mawe na magogo. Huko Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yenye matope na mawe yaliua watu zaidi ya 400.

Ufa wa ukutani usikisiwe kwa macho. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima kwa rula kati ya vichwa vyake, kisha andika tarehe na milimita kwa penseli palepale ukutani. Siku za mvua pima asubuhi na jioni. Ukiona milimita zinaongezeka, ardhi inatembea. Kuziba ufa kwa simenti hapo ni kuficha alama tu, watu watoke.

Kutoka kuamuliwe kabla ya saa 12 jioni. Usiku watu wanatoka na usingizi, watoto wanapotea gizani, na barabara za usiku Bukavu zina hatari zake nyingine. Ongeeni mapema, wakati wa kiangazi, na jamaa au kanisa lililo mahali pa tambarare, mbali na bonde na mbali na mteremko uliokatwa. Asiye na pa kwenda alale chumba kinachoangalia bonde, si kile kinachopakana na kilima. Kama kuna ghorofa, alale juu, na watu wazima wakeshe kwa zamu. Mfuko uwe karibu na mlango: vitambulisho na karatasi za parseli ndani ya plastiki, dawa, tochi, filimbi, nguo kavu za watoto, simu yenye chaji na yunite.

Maji ya paa yanasahaulika mno. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 30 linamwaga lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20, na zote zinaingia kwenye udongo unaobeba nyumba yako au ya jirani wa chini. Weka mfereji wa bati na bomba linalofika kwenye mtaro wa avenyu (barabara ya mtaa), na mtaro huo uzibuliwe chupa na taka kabla ya Septemba. Usikate mguu wa kilima ili kupanua parseli: ndio unaozuia kilicho juu. Bomba linalovuja nalo lizibwe hata wakati wa jua, maana linanywesha udongo usiku na mchana.

Kukiwa na baridi ya mvua, watu wanaingiza mbabula (jiko la makaa) chumbani na kufunga dirisha. Moshi ukiisha, hewa ya sumu ya makaa bado ipo, na haina harufu. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa pamoja, wakasikia kizunguzungu au kichefuchefu, toeni kila mtu nje kwanza, kisha muende kituo cha afya. Mtoto aliyelowa avuliwe nguo zote, afutwe, avikwe kavu, akumbatiwe na mtu mzima chini ya blanketi.

Njiani, maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo usivuke kwa kumfuata motari (dereva wa pikipiki) jasiri. Waya ulioanguka, kaa mbali nao mita 10 hata kama taa za mtaa zimezimika. Radi ikinguruma, usijikinge chini ya mti, na walio ziwani warudi ufukweni.

Nyumba ikifunikwa, jirani ndiye wa kwanza kufika, kwa kuwa gari haliingii kwenye vichochoro. Namba za chefu wa avenyu, wajitolea wa Msalaba Mwekundu na kituo cha afya ziwe kwenye karatasi, maana simu nayo hufa. Mtandao ukisongamana, ujumbe mfupi unaweza kupita pale sauti inaposhindwa. Andika hivi: avenyu na kartie, jengo linalojulikana lililo karibu, watu wangapi wako ndani, njia ipi imekatika na ipi inapitika. Kabla ya kuchimba, mtu mmoja asimame pembeni mahali salama akiangalia kilima, na filimbi mdomoni. Wengine wanyamaze, waite, wasikilize. Msipande juu ya paa lililoanguka. Ondoeni udongo kutoka pembeni, na mkikaribia mtu acheni jembe mtumie mikono.

Msirudi mara mvua inapokatika. Udongo ulioshiba unaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata jua likiwaka. Kwanza misumari ipimwe tena mchana, mtu wa pili akiangalia kilima, na usiku unaofuata mlale mahali pengine kama kipimo kimebadilika.