Kabla ya kusogeza lenzi, piga picha ya mguu mzima

Jana kliniki mmoja wenu alinionyesha picha ya doa la unyayoni. Picha safi, kila kitundu cha jasho kinaonekana. Nikamuuliza, mguu wa kulia au wa kushoto? Akaanza kupekua simu, na zote alizopiga zilikuwa za karibu. Nilimfokea kuliko alivyostahili. Wadogo zangu mnaojifunza udaktari wa ngozi, someni hapa mjue kwa nini.

1. Picha ni tatu: ya mbali, ya kati, kisha ya demoskopu, ile lenzi yenye taa ya kutazamia ngozi kwa karibu. Hata foleni ikifika getini.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa mafunzo. Alikuja nyanya mmoja kutoka Kitui, amefikia kwa bintiye mtaani Umoja, Nairobi. Alikuwa na madoa mawili meusi, moja kila unyayo. La kulia alisema ni mwiba wa shambani uliokatikia ndani. Demoskopu ilikuwa mpya mikononi mwangu na niliifurahia mno. Nilipiga picha kumi na moja, zote za karibu, bila rula wala alama ya kalamu. Kwenye faili nikaandika "doa, unyayo".

Wiki iliyofuata tukaziangalia ukutani na wakubwa wetu. Doa moja lilikuwa na rangi ndani ya mifereji ya ngozi, kama inavyotakiwa. La pili rangi ilipanda juu ya matuta ya ngozi, na hilo mnajua maana yake: huenda ni saratani. Nikaulizwa ni mguu upi. Nikajibu kwa sauti kubwa: kushoto. Sikuwa na hakika, ila niliona aibu kusema sijui mbele ya watu wote wale.

Biopsi, kipande cha ngozi cha kupimwa maabara, ikachukuliwa kushoto. Majibu yakarudi: baka la kawaida. Hakuna aliyesimama kulinganisha majibu na picha, na mimi ndiye niliyepaswa kufanya hivyo. Tukamwambia nyanya arudi nyumbani kwa amani.

Baada ya miezi minne binti alimleta amemshika mkono. Kisigino cha kulia kilikuwa kidonda, na tezi za kinena zimevimba. Melanoma, saratani ya ngozi. Binti aliniuliza swali moja tu: "Daktari, si mlipiga picha?"

Nilizifungua zile kumi na moja, nikazitazama moja moja. Hakuna hata moja iliyoonyesha kidole, kifundo, au kitu chochote cha kunijulisha huo ni mguu gani. Niliwaeleza ukweli wote siku hiyo hiyo, mama na binti, mlango umefungwa. Nyanya alinisikiliza hadi mwisho, akaomba maji ya kunywa.

2. Usikandamize. Ukibonyeza lenzi mishipa ya damu inapotea, halafu unaandika "hakuna mishipa". Weka jeli ya ultrasaundi nyingi, mkono uwe mwepesi. Nimelisema hili mara ngapi mwezi huu?

3. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, simu hudhani kuna giza na kuing'arisha. Zambarau ya saratani ya Kaposi inageuka kahawia ya chai. Gusa skrini palipo na doa, shusha mwanga. Shuka jeupe nalo linaharibu kwa upande wa pili, ngozi inatoka nyeusi tii. Tandika la kijani au la buluu.

4. Mtoto mwenye mapunye atazamwe kabla hajanyolewa. Nywele zilizojisokota kama kizibuo ndizo jibu lenyewe, na kinyozi akizipitia umeachwa na kichwa kitupu.

5. Viatu na soksi vivuliwe, hata aliyekuja na chunusi. Nawasikia mkinong'ona kwamba melanoma ni ya Wazungu. Kwetu hujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Ya Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Kila anayesema ni mwiba, mtazame kama hajui kitu kuhusu miiba.

6. Idhini iandikwe kabla ya picha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata ninyi wenye haraka, na mguu wa mtu si wa kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Jumatatu kila mmoja aje na kalamu ya kuandikia ngozini na rula ya karatasi. Tutaanza na miguu yenu wenyewe: K kwa kulia, SH kwa kushoto, kisha picha ya mbali.