Kusoma haki za binadamu nchi hii na ile: nawajibu mnaouliza

Wadogo zangu mnaosomea sheria, maswali yenu yamekuwa mengi na yote yanazunguka jambo moja. Je, ile shahada ya uzamili ya haki za binadamu, ambayo muhula mmoja unasoma nchi hii na mwingine nchi ile, inafaa? Na mtu akishaipata, anaingia Umoja wa Mataifa? Nitawajibu bila kuficha, maana baadhi yenu mnataka kuacha kazi au kukopa ili mje huku Ulaya.

Nianze na ajira, kwa kuwa ndiko wengi wanakoumia. Shahada hii haimpi mtu uwakili. Ukisoma Italia kisha Uswidi, hutasimama kutetea mtu mahakamani Italia wala Uswidi, kwa sababu kila nchi ina masharti yake ya uwakili. Aliyekuja akiwa tayari wakili kwao ana pa kurudi. Aliyekuja bila hiyo, nimewaona wengi wakihangaikia kazi za miezi michache kwenye mashirika, mwaka baada ya mwaka. Umoja wa Mataifa nao, mafunzo kwa vitendo katika Sekretarieti yake hayana mshahara, na kuishi Geneva au New York bila kipato kunahitaji akiba nene. Mpango wake wa wataalamu vijana unataka mwombaji asiwe amezidi miaka 32, na nchi yake iwe kwenye orodha ya nchi zinazoalikwa mwaka huo. Wapo wanaopenya, nami nawapongeza kwa dhati. Lakini msikope kwa kutegemea hilo.

Kuhama katikati ya masomo kunachosha kuliko matangazo yanavyosema: kibali kipya cha ukaazi, chumba kipya, lugha mpya dukani, na marafiki uliowazoea wametawanyika. Inavumilika.

Sasa masomo yenyewe, na hapa nasema kwa moyo mkunjufu kwamba yamenifungua macho. Chukueni swali la kawaida kabisa: mtu ameonewa na serikali yake, amepita mahakama zote za ndani bila kupata haki, aende wapi? Ulaya, tangu Novemba 1998, anapeleka malalamiko yake moja kwa moja kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, na siku hizi ana miezi minne tu tangu uamuzi wa mwisho wa ndani. Amerika ya Kusini anaanzia kwenye Tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika iliyoko Washington, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kufungua shauri kwenye Mahakama ya mfumo huo iliyoko San José, Kosta Rika. Kwetu Afrika, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini mtu binafsi anaifikia moja kwa moja pale tu nchi yake ilipotoa tamko la kumruhusu, chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki ya 1998 iliyoiunda Mahakama hiyo. Tanzania, nchi mwenyeji, ilitoa notisi ya kuondoa tamko lake Novemba 2019. Kenya haijawahi kutoa tamko kama hilo. Ndiyo maana shauri la Waogiek, jamii ya asili ya Kenya, kuhusu msitu wa Mau lilifunguliwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na hukumu ya Mei 2017 iliyowapa ushindi ilipatikana kwa kupitia mlango huo.

Niliposoma mifumo hii mitatu kwa pamoja ndipo nilipoelewa uzito wa mlango uliofungwa. Hukumu ya 2013 ya shauri la Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, yaani anayewania uongozi bila kupitia chama, niliwahi kuisikia kama habari ya siasa. Darasani niliiona kwa sura nyingine: Mtanzania aliishtaki nchi yake mbele ya majaji wa Afrika, akashinda. Leo Mtanzania mwingine hawezi kufungua shauri kama lile kwa mkono wake. Jambo hili linaniuma, na ningependa liwaume na ninyi.

Lakini jueni pia kwamba katika madarasa niliyokaa Ulaya, Mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu wa 1950 ulichambuliwa neno kwa neno, wakati ule wa Afrika wa 1981 ulipitiwa juu juu. Huu wetu unataja haki ya watu kupata maendeleo na kuishi katika mazingira mazuri, mambo ambayo ule wa Ulaya hauna. Hakuna atakayekufundisha hayo vya kutosha huku. Njoo ukiwa umeusoma, pamoja na hukumu za Arusha, nawe utakuwa na la kuchangia.

Tena si lazima njia iwe ya Ulaya. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa na shahada ya namna hii tangu 2000: wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika wanaanza pamoja Pretoria, kisha wanagawanywa kwenye vyuo vikuu vingine barani. Kwa anayetaka kurudi kutetea watu nyumbani, mimi ningeanza kuomba huko.

Mmoja wenu aliuliza aje lini. Maliza uwakili kwanza, shika kesi kadhaa za watu wa kawaida, halafu uombe. Na barua ya ufadhili ikifika, angalia kama inalipia nauli na viza ya nchi ya pili. Kama haisemi, waandikie uwaulize kabla hujasaini.