Ukikutana na neno la Kiingereza hoard, uliza kwanza nani kaficha

Mwaka wangu wa pili wa kutafsiri nililetewa maandishi ya Kiingereza kuhusu Hoxne hoard. Nikaandika "akiba ya Hoxne", nikatuma. Mhariri akairudisha na swali moja kwa wino mwekundu: nani alikuwa anaweka akiba?

Nikarudi kusoma upya. Hoxne ni kijiji cha Suffolk, Uingereza. Mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie kwa kifaa cha kunasa metali. Kifaa kililia, na chini ya udongo kulikuwa na sarafu za Kirumi karibu 15,000, vijiko vya fedha na bangili za dhahabu. Vilifukiwa karne ya 5 na mwenyewe hakurudi kuvichukua. Nyundo nayo ilipatikana, leo imo British Museum. Mali iliyofukiwa hivyo Kiswahili kinaiita dafina. Neno hilo nililisikia utotoni kwenye hadithi za bibi, na siku niliyolihitaji halikunijia!

Tangu hapo sigusi hoard kabla sijajua nani kaweka, wapi na kwa nini. Mfanyabiashara akifungia sukari stoo akingoja bei ipande, anahodhi. Kuandika "anaweka akiba" ni kumsafisha. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha bidhaa, hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Panaponitia uchungu ni kwenye ugonjwa. Jirani yetu mmoja alijaza chumba makopo, magazeti na mifuko hadi akawa analala sebuleni, na kila ukitupwa mfuko mmoja alilia kama aliyefiwa. Mtaani tulimwita bahili. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unayataja haya kama maradhi yanayojitegemea. Basi andika "maradhi ya kulimbikiza vitu", na uchoyo usiuingize kabisa.

Hoarding ya mafundi ujenzi wa Uingereza ni uzio wa mbao tu kuzunguka jengo, huku kwetu tungeweka mabati. Na horde, inayotamkwa vilevile, ni kundi kubwa la watu.

Washairi wa Kiingereza cha kale walikuwa na neno wordhord (hord hiyo ndiyo hoard ya leo), wakisema mtu "anaifungua" anapoanza kunena. Hilo nililiandika hazina ya maneno, na mhariri yuleyule hakugusa kitu.