Jibu: Vioo viwili na jua la jioni
Mkuu, umeuliza kama dirisha la vioo viwili (vioo sambamba vyenye nafasi ya hewa katikati) litapunguza umeme wa kiyoyozi kwenye chumba kinachopigwa na jua la jioni. Kidogo tu. Nafasi ya milimita 12 hadi 16 kati ya vioo hupunguza joto linaloingia kutoka hewa ya nje, lakini kama ni vya kawaida visivyo na rangi, sehemu kubwa ya miale bado hupita. Dai vyenye mpako wa kuakisi joto.

Kabla ya hapo, weka kivuli nje. Pazia la ndani hupokea jua likiwa limeshaingia. Jua la jioni liko chini, hivyo kibaraza hakitoshi. Funga nje luva za wima, yaani vibao vya kukinga jua.

Halafu pitisha udi uliowashwa pembeni mwa fremu: moshi ukiyumba, hewa inavuja, hivyo badilisha mpira wa kuziba. Madirisha ya kuteleza ndiyo huvuja zaidi.